Doa la Bafuni Endabash: Bomba Lilivyoponzwa na Plasta

Ukuta wa bafu hulowa kwa njia tatu kubwa. Bomba la maji safi linavuja ndani yake, maji ya kuogea yanapenya sakafuni au kwenye bomba la maji taka, au unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Kwenye nyumba moja ya Endabash, wilayani Karatu, kila njia ilishapata mtetezi wake, na kila mtetezi alishabomoa kidogo. Plasta ilipigwa upya, rangi ikapakwa, na miezi michache baadaye doa likarudi palepale chini ya shawa, likianzia usawa wa bega.

Usawa huo ulitosha kumwachia huru mshtakiwa mmoja. Unyevu wa msingi huanzia chini na mara nyingi huishia karibu na mita 1 kutoka ardhini. Hauruki magoti ukaanzia begani.

Kabla ya kuendelea, ukuta wenyewe. Nyumba imejengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Ndivyo wanavyojenga wengi vijijini Karatu: udongo mwekundu upo, tanuru linachomwa shambani, na saruji ya kununua inawekwa akiba kwa ajili ya msingi, sakafu na plasta. Sioni ubaya hapo. Wairaqw waliishi vizazi vingi kwenye tembe za udongo zilizochimbwa kwenye mteremko, zenye paa la udongo. Udongo mkavu unabeba. Ukilowa unalainika, na plasta ya saruji iliyoushikilia inabaki imeegemea hewa. Ukiigonga kwa mpini wa nyundo, inalia debe tupu.

Fundi bomba alianza na jaribio linalofahamika. Jioni koki zote zilifungwa, fimbo kavu ikatumbukizwa kwenye simtanki ya lita 1,000 na usawa wa maji ukawekewa alama. Asubuhi maji yalikuwa palepale.

"Mama, bomba zangu hazina shida. Muulize aliyepiga plasta."

"Sawa fundi. Ila wiki ile maji yalipokatika tukawa tunaogea ndoo, mbona ukuta ulikauka?"

Swali la mama mwenye nyumba lilikuwa na uzito kuliko jaribio lenyewe. Anayeogea ndoo anamwaga maji sakafuni kama anayeoga kwa shawa. Kama sakafu au bomba la maji taka ndilo lingekuwa linavuja, ukuta usingepata nafasi ya kukauka. Kilichopumzika wiki ile ni upande wa maji safi, shawa ikiwemo.

Jaribio la fimbo lina kasoro mbili, na zote zinapita bila kuonekana. Ya kwanza ni ya hesabu. Tanki lenye kipenyo cha kama mita 1 lina karibu lita 8 katika kila sentimita ya kimo. Tone moja kwa sekunde, kwa saa 10 za usiku, halifiki zaidi ya lita 2 hivi, yaani milimita mbili na nusu kwenye fimbo. Nani atazisoma milimita hizo kwa tochi? Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kipande cha bomba kinachopanda kutoka koki ya shawa hadi kichwani hakina presha koki ikiwa imefungwa. Kinapata maji mtu anapooga tu. Unaweza kulilinda tanki mwezi mzima na kipande hicho kisijulikane kamwe.

Dawa yake ni rahisi. Kichwa cha shawa kilifunguliwa, mdomo wa bomba ukazibwa kwa plagi yenye uzi na tredi tepu, kisha koki ikafunguliwa na kuachwa usiku kucha. Hapo kipande kile kinabeba presha, na hakuna hata tone linaloanguka ukutani kutoka nje, kwa hiyo likitokea doa haliwezi kusingiziwa rangi wala vigae. Presha ni ndogo, ndiyo maana inahitajika usiku mzima: kila mita 10 za kimo hutoa kama baa 1, hivyo mnara unaoliweka tanki mita 3 juu ya shawa unatoa baa 0.3 tu. Zilitosha. Asubuhi ukuta ulikuwa umeiva rangi ya kahawia pembeni ya elbo ya juu.

Tindo ilipofungua pale, kisa chote kilikuwa wazi. Elbo ya shaba haikushikwa na kitu chochote. Mfereji wa bomba ulichimbwa kwenye tofali na udongo, haukusafishwa vumbi, ukajazwa mabaki ya mchanganyiko wa plasta. Kila aliyezungusha kichwa cha shawa kukielekeza alikuwa anaizungusha na elbo ndani ya ukuta, kidogo kidogo, hadi tredi tepu ikaachia. Maji yakaingia kwenye udongo, udongo ukalainika, elbo ikazidi kucheza. Kwa hiyo fundi bomba alikuwa na haki nusu: plasta ndiyo iliyoanza kuliangusha bomba. Lakini hata yeye hakupaswa kukubali kufunga kazi kwenye elbo inayotikisika.

Marekebisho yalianza kwa kusubiri, na hapa ndipo wengi huharibu. Plasta iliyolia debe ilibanduliwa yote hadi kufikia iliyolia kigumu. Udongo uliolainika kati ya tofali ulikwanguliwa kama sentimita 2 kwenda ndani, na ukuta ukaachwa wazi. Kwenye baridi ya Juni na Julai, nyanda hizi hazikaushi ukuta kwa siku mbili tatu. Anayefunika udongo uliolowa anajipangia kazi nyingine ya mwakani.

Bomba jipya lilikuwa la PPR. Mashine ya kulichomea hufika nyuzijoto 260 hivi, na bomba la milimita 20 huhitaji sekunde 5 tu za joto, kisha linasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Likikaa mno au likisukumwa kupita alama, plastiki hujikusanya ndani na kubana njia; kwenye presha ya tanki, ambayo tayari ni ya kubembeleza, shawa inabaki kuchuruzika. Elbo ya mwisho ilichaguliwa yenye masikio ya skrubu, ikafungwa kwenye kipande cha zege kilichomiminwa ndani ya ukuta. Sasa ukizungusha kichwa cha shawa, nguvu inaishia kwenye zege. Bomba lilipimwa kwa pampu ya mkono mfereji ukiwa bado wazi. Sindano ilishuka kidogo mwanzoni, na hilo halina hofu kwa PPR, kwa sababu plastiki hutanuka inapojazwa. Inayotia hofu ni sindano inayoendelea kushuka.

Ikabaki plasta. Mchanga wa korongoni una udongo mwingi, na plasta yenye udongo hunywea na kupasuka inapokauka. Kipimo ni chupa: mchanga, maji, tikisa, acha utulie. Tabaka la matope juu ya mchanga likizidi asilimia 8 hivi, mchanga huo unahitaji kuoshwa au kukataliwa. Tofali za kuchoma nazo zina kiu. Zikipigwa plasta zikiwa kavu, hunyonya maji ambayo saruji inayahitaji ili ishike, na plasta inabaki unga. Zilinyunyiziwa maji, zikaachwa hadi mng'aro upotee juu yake, ndipo zikarushiwa uji mzito wa saruji na mchanga ili uso uwe na mparuzo. Wavu wa kuku ulipigiliwa juu ya mfereji, ukivuka pande zote mbili, kwa sababu zege na tofali havitanuki sawa.

Kishawishi hapa ni kuongeza saruji. Ukuta dhaifu ukipewa plasta kali, plasta inaponywea inaubandua uso wa ukuta. Upande wa shawa, unaobeba vigae, ulipewa ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga juu ya wavu. Kuta nyingine zilipata 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga, mchanganyiko ulio laini na wenye kustahimili. Zote zilimwagiliwa maji kwa wiki moja. Sakafu haikuwa na fumbo: iliinamishwa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji.

Ubishi wa mwisho ulikuwa wa upande wa nje. Mama alitaka plasta pande zote mbili, nyumba ipendeze. Fundi alikataa, nami nipo upande wake. Ndani kuna vigae, na vigae havipitishi unyevu. Tofali za nje zikibaki wazi, chochote kitakachopenya kina mahali pa kutokea, na bomba likivuja tena doa litaonekana nje kabla udongo haujalainika. Walikubaliana kuziba kwa saruji mistari ya kati ya tofali, na upande wa barabarani tu ndio ukapigwa plasta.