Hodi Kwanza, Thamani Baadaye: Maktaba ya futures-signals katika Rust

Programu nyingi za leo zina hitaji moja: namba ikibadilika mahali fulani, kila kinachoitegemea kibadilike nayo bila mtu kukikumbusha. Njia iliyozoeleka ni chanzo kuweka orodha ya wasikilizaji, kisha kumwita kila mmoja na kumkabidhi thamani mpya mkononi. Maktaba ya futures-signals, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, imeigeuza njia hiyo. Chanzo kinabisha hodi tu, na thamani inafuatwa na yule anayeihitaji, kwa wakati wake. Wengi huusifu mpangilio huu kwa kubana matumizi ya kumbukumbu. Naona faida yake kubwa zaidi ni usahihi wa majibu.

Rust haina mfagiaji wa kupita nyuma ya programu akiokota kumbukumbu zilizoachwa. Kila thamani ina mmiliki mmoja, na anayeibadilisha lazima awe peke yake kwa wakati huo. Orodha ya wasikilizaji inagongana na sheria hizo, kwa sababu chanzo humshika msikilizaji, na msikilizaji naye mara nyingi hukishika chanzo. Mwandishi wa programu hulazimika kukimbilia Rc na RefCell, vifaa vya kushirikisha na kubadilisha thamani, na ukaguzi ambao kompaila ingeufanya mapema unasogezwa hadi programu inapokuwa kazini, ambapo kosa huizima ghafla. Mwaka 2016, Aaron Turon na Alex Crichton, wahandisi wa Rust, walikumbana na ugumu wa aina hii walipobuni maktaba ya futures. Walianza na mtindo wa kuitana, wakauacha baada ya kuona kwamba karibu kila muunganisho ulidai kipande kipya cha kumbukumbu. Badala yake wakachagua kuuliza: kazi inaulizwa kama iko tayari, na isipokuwa tayari inaacha kengele, ambayo leo huitwa Waker, ya kuiamsha baadaye. Juu ya msingi huohuo, ambao futures-signals nayo huutumia, ndipo async na await zilipojengwa, zikaingia rasmi katika Rust 1.39, Novemba 2019.

Chukua mfano mdogo. Tuna a yenye thamani 2. B ni a jumlisha 1, na c ni a mara 10. Jumla ya b na c ni 23. Sasa a inakuwa 5. Katika mtindo wa kukabidhi, b inaweza kupata habari kwanza ikawa 6 huku c ikiwa bado 20, na skrini ikaonyesha 26, namba ambayo haikuwa sahihi kabla ya badiliko wala baada yake. Katika futures-signals, a huwekwa ndani ya chombo kiitwacho Mutable. Ukiita set, thamani inahifadhiwa, alama inawekwa kwamba kuna jipya, na kengele inalia. Hakuna hesabu inayofanyika hapo. Kazi inapoamka, map_ref inaziuliza b na c zote mbili kabla ya kujumlisha. Jibu ni 56 moja kwa moja.

Kuna pingamizi lenye uzito: a ikipita 3, 4 na 5 kabla kazi haijaamka, msikilizaji ataiona 5 pekee. Ni kweli, na kwa kumbukumbu za malipo upotevu huo haukubaliki. Lakini signal, yaani thamani inayofuatiliwa kwa njia hii, hueleza hali ilivyo sasa. Mfululizo wa matukio, ambapo kila moja lazima lihesabiwe, una chombo chake, Stream. Pingamizi la pili ni kwamba for_each, inayotekeleza kitendo kila thamani inapobadilika, isipokabidhiwa kwa mwendeshaji wa kazi, hakuna kinachotokea, jambo linalowachanganya wanaoanza. Gharama hiyo ipo, ila inalipa. Kwa kuwa kazi haiendi bila kuulizwa, kuisimamisha ni kuitupa tu: mmiliki akiondoka, usikilizaji unakoma, na hakuna msikilizaji aliyesahauliwa anayeendelea kula kumbukumbu.

Kwa hiyo sheria za umiliki, ambazo wengi huziona kama kizuizi, hapa ndizo zilizoelekeza ubunifu. Zilipofanya iwe vigumu kumkabidhi kila mtu thamani mkononi, zilifungua njia ya kusubiri hadi anayehitaji aulize, na anapouliza anakuta b na c zimetokana na a ileile.