Mfuto na Tele

Sokoni Nangara, Babati, msimu wa mbaazi, yuko mama ambaye wateja humngoja hata kama wenzake wamekaa bila mtu. Bei yake ni ile ile ya wengine. Wanachokifuata ni mkono wake. Humimina mbaazi kwenye sado ya kupimia polepole, huitikisa mara moja zishikane, kisha huanza kupandisha: viganja vimeukumbatia ukingo, punje juu ya punje, mpaka kilele kisimame chenyewe. Akiachia, hata moja haiporomoki. Na sado ikishamwagwa kwenye mfuko wa mteja, huongeza konzi moja bila kuombwa. Mabinti wa jirani yake huizamisha sado guniani, wakaifagia juu kwa kiganja, basi. Hawajamdhulumu mtu, ila hapo hakuna ufundi.

Pwani, kipimo cha kibaba kilichosawazishwa hivyo kiliitwa cha mfuto. Kilichopandishwa, cha tele. Vibaba vinne ni pishi, na kwa pishi watu wamekopeshana na kutoa zaka ya Fitri. Likaja debe, bati tupu la mafuta ya taa, kisha sado, ndoo ya rangi ya lita nne. Chombo kilibadilika, mkono ukabaki.

Kuusifu mkono si kuilaumu mizani; iliyokaguliwa humlinda mnyonge. Ninalolilia ni lumbesa. Tele ilikuwa ya muuzaji, aliitoa kwa hiari yake. Kwenye lumbesa mnunuzi huja na gunia lake, hushindilia, huliongezea kipande cha gunia jingine juu, hulikaza kwa kamba, na kilele kilichokuwa heshima kinakuwa kodi ya mkulima. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakemea, lakini magunia yenye vilemba bado yanapanda malori. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei huku ilianguka vibaya. Mkulima aliyebaki na mzigo usio na soko angebishana vipi juu ya kipimo? Akiletewa gunia, anajaza. Aliyefundishwa na bibi yake kupandisha kilele kwa ajili ya jirani, leo anakipandisha kwa amri ya mgeni, na analipwa bei ya gunia moja.