Pete Ndani ya Pete

Mkufu wa pete hausubiwi wala haugongwi kwa nyundo kuwa kitu kimoja. Hufumwa. Fundi huanza na waya mtupu, akaugeuza kuwa pete ndogo zilizokatwa upande mmoja, kisha akazipitisha moja ndani ya nyingine na kuzifunga kwa mkono, mpaka chuma kigumu kikaanza kulala juu ya ngozi kama kitambaa. Vyombo vyake ni vichache na moto wake ni mdogo. Kinachotakiwa kwa wingi ni macho, vidole na subira. Kwa sababu hiyo hakuna pambo la chuma linalouanika mkono wa aliyelitengeneza kama hili: palipo na haraka pataonekana, na palipo na uangalifu pataonekana pia.

Katika nchi ya Wakipsigis, kuanzia miinuko ya majani chai ya Kericho na Bomet hadi upande wa Kiptere, ambako ardhi huteremka kuelekea Sondu, kazi ya chuma ilikuwa ya mhunzi, kitongindet. Mtu huyohuyo aliyefua mikuki na visu ndiye aliyefanya mapambo. Wamaasai, majirani wa kusini, waliwatenga wahunzi wao na hawakuoana nao. Kwa Wakalenjin, ambao Wakipsigis ni miongoni mwao, mhunzi alikaa karibu zaidi na watu, ingawa laana yake iliogopwa. Inafaa kulitafakari jambo hilo. Mkono ulioaminiwa kutoa chuma cha kuulia ndio ulioaminiwa pia kutengeneza pete nyembamba za kuning'inia shingoni na masikioni.

Waya ndio uhai wa kazi hii, na njia yake ya kufika bara ni hadithi yenyewe. Chuma cha milima ya Samia kilizunguka masokoni kandokando ya Ziwa Victoria kikiwa majembe. Katika karne ya 19 misafara ya pwani, kutoka Mombasa na Pangani, ilipandisha shanga, merikani na senyenge. Msafiri Joseph Thomson alipopita Umaasaini mwaka 1883 na 1884 alilipa hongo kwa bidhaa hizohizo. Kisha ikaja reli, ikafika Kisumu mwaka 1901, na pamoja nayo waya wa simu uliotundikwa kwenye nguzo kupitia nchi ya Wanandi. Wanandi waliukata, wakaufanya mapambo. Bolti za reli wakazifanya silaha. Waingereza waliuita wizi, wakautaja miongoni mwa sababu za kupeleka majeshi, hadi kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwezi Oktoba 1905. Vitabu hulisimulia tukio hili kwa upande wa waliotundika waya. Ni mara chache kusemwa kwamba waliokata walijua waya mzuri ni upi, na walikuwa na la kuufanyia. Zaidi ya karne moja baadaye, mwezi Januari 2022, serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani. Waya unaoibwa siku hizi hauendi shingoni mwa mtu. Huenda kwenye mizani, kisha kwenye tanuru.

Palipokosekana waya wa unene unaofaa, wahunzi wa Afrika Mashariki waliuvuta wenyewe. Ncha ya waya mnene hupakwa mafuta, ikapenyezwa kwenye tundu la bamba la chuma na kuvutwa upande wa pili, kisha kwenye tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena. Kila mvuto huukaza waya, na uliokazwa mno hukatika. Hivyo hurudishwa kwenye makaa ukaiva na kulainika kabla ya kuendelea. Wakikuyu walikuwa na bamba hilo, na Wakamba walipata sifa mbali na kwao kwa minyororo yao myembamba ya shaba.

Waya ukiwa tayari, huzungushwa kwenye ufito wa chuma, mzingo ukigusana na mzingo, bila kuacha nafasi. Unene wa ufito ndio unaoamua mengi yanayofuata. Waya wa milimita 1 kwenye ufito wa milimita 4 hutoa pete ambayo uwazi wake ni mara 4 ya unene wa waya, na kipimo hicho hufaa kwa mfumo wa kawaida ambamo kila pete hushika nyingine 4. Ufito ukiwa mwembamba zaidi, mkufu hukakamaa. Ukiwa mnene zaidi, hulegea na kuonyesha mianya. Mizingo hukatwa kwa urefu, kwa patasi, kwa koleo au kwa msumeno wa meno madogo. Patasi na koleo huacha ncha zilizobanwa. Msumeno huacha ncha bapa, zinazokutana sawasawa.

Kisha ni kufunga, na hapa ndipo fundi hutofautiana na mtu anayejaribu. Pete haifunguliwi kwa kuvuta ncha zake kulia na kushoto, kwani hivyo hupoteza mviringo, na mviringo ukipotea haurudi sawasawa. Hushikwa kwa koleo mbili, ncha moja ikasukumwa mbele na nyingine nyuma. Wakati wa kuifunga hurudishwa kwa njia ileile, ikapitishwa kidogo mahali pake, kisha ikarudishwa, ili waya ubaki na nguvu ya kujibana. Ncha zinapokutana kuna mkwaruzo mdogo ambao vidole vilivyozoea huutambua kabla ya macho. Mwanya wa unene wa unywele unatosha kunasa uzi wa shuka, kuchuna ngozi, au kuiachia pete jirani ianguke njiani bila mwenyewe kujua. Mkufu wenye pete 400 una maungio 400, na kila moja lazima lifungwe kwa uangalifu uleule uliofunga la kwanza, hata jua likiwa limezama na mgongo ukiuma.

Mifumo ni mingi. Rahisi kuliko yote ni pete moja ndani ya moja, na ndiyo iliyotosha kwa minyororo ya masikioni. Mfumo wa pete 4 katika 1 ndio wa deraya, vazi la vita walilolivaa askari wa Kirumi, na ambalo baadhi ya wapanda farasi wa Kimahdi walikuwa bado nalo katika vita vya Omdurman, Sudani, mwaka 1898, ingawa lilikuwa limekwisha kushindwa na risasi. Wasomaji wa Kurani wanajua kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma aunde deraya, na kwamba aliagizwa kupima sawa viungo vyake. Kati ya yote ambayo mfua deraya angeweza kuagizwa, kilichotajwa ni kipimo cha pete.

Huku bara pambo hili lilihusiana zaidi na sikio. Wasichana na wavulana walitogwa masikio, na ndewe ikapanuliwa polepole kwa vijiti, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia, mpaka ngozi ikawa pete ya nyama iliyoweza kubeba uzito. Humo ndimo mnyororo ulimotundikwa. Mhunzi hakufanya kazi ya kuwekwa sandukuni. Alifumia mwili wa mtu anayelima, anayekamua, anayebeba kuni na maji. Mnyororo mzito mno ungeichana ndewe, mwepesi mno ungepeperuka na kunasa kwenye matawi. Ilibidi utembee na mvaaji, utulie anapotulia. Minyororo hiyo ilivaliwa mchana na usiku, ikalainishwa na mafuta ya ngozi na jasho, na chuma kikapata mng'ao mweusi ambao hakuna rangi ya dukani inayoweza kuuiga.

Kupotea kwake hakukutokea siku moja. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yalianza mashamba Kericho. Ukaja mshahara, na mshahara ukaleta nguo na vitu vya duka. Misheni na shule zilifundisha kwamba sikio lililotogwa ni ishara ya ujinga. Watu waliokuwa wameubeba urembo huo tangu utotoni waliona haya, na baadhi yao wakashonwa ndewe zao zikafungwa. Mhunzi alibaki akinoa mapanga. Sikio lilipofungwa, mnyororo ulikosa mahali pa kukaa, na mtoto wa mhunzi akakosa sababu ya kuujifunza.

Mikufu mingi inayouzwa sasa katika masoko ya Kenya imetoka viwandani ng'ambo. Hung'aa vizuri siku ya harusi au ya kuhitimu, kisha rangi ya juu hutoka na shingo hubaki na doa la kijani. Ikikatika hutupwa. Mkufu uliofumwa haukuwa wa kutupwa: pete iliyolika ilifunguliwa, mpya ikatiwa, na kitu kikaendelea kuwa kilekile. Mafundi wa Kibera, Nairobi, wanaoyeyusha makufuli na mabomba ya shaba kuwa vito, wameonyesha kwamba malighafi haijawahi kuwa shida. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na waya huo hadi pete ya mwisho.

Minyororo ya zamani iliyosalimika iko zaidi katika makumbusho, Nairobi na Ulaya. Kadi yake kwa kawaida hutaja kabila, mkusanyaji na mwaka. Jina la mhunzi halimo. Chuma chenyewe bado kinasomeka. Ncha zilizobanwa huonyesha patasi au koleo, mikwaruzo mirefu juu ya waya huonyesha bamba la kuvutia, na pete zilizolika upande mmoja huonyesha jinsi mnyororo ulivyoning'inia. Visivyosomeka ni umri ambao mwanafunzi alianza kufunga pete, nani aliyemshikia ufito, na kosa gani lilimfanya mhunzi afumue kazi yote aanze upya. Hayo walikuwa nayo wazee wenye ndewe, ambao huko Kiptere na Sigowet wanazidi kuwa wachache kila mwaka, na waliokwenda kuwauliza ni wachache zaidi.