RAMBIRAMBI ZA WAGENI NA HESHIMA YA TAIFA

Kila inapokumbukwa tarehe 7 Agosti 1998, vijana katika madarasa yetu ya siasa hapa Pemba hutoa lalamiko moja: dunia huwalilia Wazungu, sisi hutupa pole ya haraka ikasahau. Lalamiko hili lina ukweli ndani yake, lakini lina pia kasoro ya kifikra ambayo yatupasa kuihakiki.

Tuanze na hali halisi. Mabomu yaliyolipuliwa kwenye balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wamarekani walikuwa 12, wote Nairobi. Iliyolengwa ni Marekani. Damu nyingi iliyomwagika ni ya Waafrika. Mwaka 2020, Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335, iliripotiwa kuwa familia ya mfanyakazi wa ubalozi aliyeuawa akiwa raia wa Marekani ingepata dola milioni 10, na ya asiye raia dola 800,000. Bomu moja, jengo moja, bei mbili za utu.

Ubaguzi huo lazima upingwe. Lakini kosa la kwanza la ndugu zetu ni kupima utu wetu kwa machozi ya wakubwa. Januari 2015 marais wa Mali, Niger, Senegal na Gabon waliandamana Paris. Aprili mwaka huohuo watu 148 waliuawa Garissa, wengi wao wanafunzi, na hatukuona maandamano kama yale ya viongozi wa Afrika. Basi kabla ya kuuliza kwa nini Ulaya haikuja, tuulize sisi wenyewe tulikuwa wapi. Hiyo ndiyo kasumba: kungoja mgeni atuthibitishie kwamba maiti wetu ni watu.

Kosa la pili ni kiburi kitupu, cha kukataa kila pole kwa kuwa imetoka nje. Tutenganishe maslahi ya dola na huruma ya watu. Juni 2002, Wamasai wa Enoosaen, Kenya, waliwapa Wamarekani ng'ombe 14 kwa msiba wa Septemba 11, 2001. Hawakutafuta mkopo wala kituo cha kijeshi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Fahari ya kweli ni ipi? Mei 2001, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba haikuwa halali kumkabidhi Khalfan Khamis Mohamed kwa Marekani bila ahadi kwamba hatanyongwa. Mahakama haikutetea mauaji. Ilitetea katiba ya nchi yake mbele ya taifa kubwa. Mtu huyo, aliyefungwa maisha kwa bomu la Dar es Salaam, ni Mzanzibari. Kwa hiyo sisi wa visiwani tuna wajibu wa pande mbili: tusimkingie kifua muuaji kwa kuwa ni wa kwetu, wala tusikubali visiwa vizima vifanywe mshukiwa.

Pemba ukitokea msiba, jirani hushika jembe akaenda kuchimba kaburi. Hangoji kuona nani mwingine kaja. Makada wafundishe hivyo. Tuwakumbuke wafu wetu, tuwatunze majeruhi na yatima wao, tudai haki iliyo sawa. Pole ya mgeni ikija, tuipokee tukiwa tumesimama.