Karani na Utenzi Wake

Wapo wanafunzi waaminio kwamba mshairi hungoja jazba impande, ndipo ashike kalamu. Imani hiyo hatuikubali, na shahidi wetu ni Shaaban Robert. Tangu 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha. Kisha akahudumu katika idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya ya Tanga, na ofisi ya upimaji hadi 1960. Mchana wake ulikuwa mali ya serikali. Utunzi ulipata masalio.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu hupatana vina, cha nne hubeba kina cha utenzi mzima. Ubeti mfupi namna hiyo waweza kufinyangwa kichwani mtu aendapo kazini, ukaandikwa jioni. Ndivyo, tuonavyo sisi, Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, uliochapwa 1967 baada ya kufa kwake, ulivyowezekana kwa mtu asiye na faragha ya kutwa.

Lakini mazoea hayo yana gharama. Humo zimo beti zilizotimiza mizani tu, mithili ya daftari la bandari lililojazwa kwa wakati; mtunzi asimulia mapigano ya mbali asiyoyaona. Katika shairi la “Amina”, alilomlilia mkewe, kila neno lina uzito. Hata hivyo hatudhani kuwa mkono wake ungalitulia katika msiba ule, lau usingalizoea kuandika siku zisizo na msiba. Mwalimu afundishaye tungo hizi mbili na azisomeshe pamoja.