Ufundi wa Kungojea Vumbi

Piga hesabu kidogo. Gari la mashindano likipita kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa linameza mita 28 hivi kila sekunde. Ukibahatika kupata mahali unapoona nusu kilomita ya barabara, utakuwa nalo kwa sekunde 18, kisha limekwenda. Mkondo wenyewe, yaani kipande kimoja cha barabara kinachopimwa muda, unaweza kuwa na kilomita 20, hata 30, na mashindano yanachukua siku nne. Kwa hiyo mtazamaji wa Safari Rally ya Kenya, awe hodari namna gani, haioni Safari Rally. Anaona kona moja. Muda uliobaki ni wa kungoja, kutembea, kula, kutafuta kivuli na kuuliza jirani nani anaongoza.

Wengi huyahesabu masaa hayo kuwa hasara, kodi unayolipa ili uone zile sekunde 18. Mimi nayasifu, na hasa nawasifu wanaojua kuyakaa. Wapo, na ukiwaona utawatambua: wamefika mapema, hawana haraka, wana chai, na mahali walipoketi hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Starehe ninayoizungumzia si ile ya mahema meupe ya wageni waalikwa, yenye feni na vinywaji baridi. Ni starehe ya mwili ulioshiba, usiolowa wala kuungua, usio na hofu, ili macho yapate nafasi ya kufanya kazi yao. Mtu aliyebanwa na haja, jua likimchoma usoni, hawezi kuona dereva alivyovunja mwendo kabla ya kona. Anaona kitu chenye rangi kikipita, basi.

Ufundi huu tumeurithi. Mashindano yalipoanza mwaka 1953, kwa jina la Coronation Safari, yalikuwa ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa na uwanja. Yalipita katika barabara zilezile za malori na ng'ombe, bila kufungwa, na yaliendelea hivyo kwa miongo kadhaa. Mtazamaji wa zama hizo hakwenda kwenye mashindano, mashindano ndiyo yaliyomfuata. Alitoka na kigoda chake hadi ukingoni, akaketi, akasubiri. Na kwa kuwa kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamebisha hodi, wenyeji walijua fika ni mtaro gani utajaa maji na ni mteremko gani wenye udongo mweusi utakaomshinda Mzungu na gari lake jipya. Huko ndiko walikokwenda kuketi. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Ukitafakari takwimu hizo utaona kwamba kiti bora kilikuwa kando ya matope, na tikiti yake ilikuwa kumjua jirani mwenye shamba hapo. Aliyependa angeweza pia kushika bampa na kusukuma, akatoka na chochote mfukoni.

Redio ya Sauti ya Kenya ndiyo iliyowaunganisha watu wa kona hizi zote. Kupitia redio, mtu wa Taita aliyemwona dereva Joginder Singh akipita usiku angejua kesho yake kwamba yule Singasinga ameshinda, kama alivyofanya mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Nayo Safari ya 1973 ilikwisha Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, wakiwa sawasawa kwa pointi za adhabu, ikabidi kanuni ya kuvunja sare imtafute mshindi. Ikampa Mehta. Hakuna aliyekuwa kando ya barabara ambaye angeweza kuliona jambo hilo kwa macho yake. Kuna watu hili huwaudhi. Wanataka waone yote, wajue yote, papo hapo. Hao wabaki nyumbani na televisheni, na sisemi kwa kejeli, maana televisheni ya siku hizi ina kamera ndani ya gari na nyingine angani.

Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia (WRC), na iliporudi mwaka 2021 ilikuwa kitu kingine. Sasa barabara za mikondo zinafungwa, makao makuu yako Naivasha, na ni sisi tunaoyafuata mashindano. Kigoda hakitoshi tena. Lazima ujue kusafiri.

Hapa ndipo wageni wa mchezo wanapokwama, wakati mwingine kwa maana halisi ya neno. Wanapata ratiba, wanaona mikondo mitatu asubuhi na ileile mitatu ikirudiwa alasiri, wanajiambia wataikimbilia yote. Siku inaisha wakiwa wameona matako ya matatu na lori la saruji. Fundi anachagua mkondo mmoja na kushinda hapo kutwa. Mkondo unaorudiwa ni mikondo miwili tofauti. Asubuhi barabara bado ina sura. Alasiri, baada ya msururu wa magari kuichimba, kuna mifereji ya magurudumu, mawe yaliyofukuliwa, na kwenye mkondo wa Kedong kuna ule mchanga wanaouita fesh-fesh, vumbi laini linalofunika shimo hadi lionekane tambarare. Anayebaki mahali pamoja anaiona barabara ikizeeka kwa siku moja, na anaanza kuelewa kwa nini gari linaloonekana zima linafika kituo cha matengenezo likichechemea.

Kutoka Nairobi kuna njia mbili za kufika Naivasha, ya juu inayopitia Limuru na Kinungi, na ya chini inayoteremka ukingo wa bonde hadi Mai Mahiu. Ya chini ina malori, lakini ina mandhari, na ina kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, mahali pazuri pa kunyoosha miguu wakati foleni imelala. Vyovyote vile, ondoka siku moja kabla. Vyumba vya hoteli wiki hiyo bei yake hupanda hadi ukaona aibu kuitaja mbele ya mkeo, kwa hiyo wengi hulala kwenye mahema. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri haijali kwamba mchana uliungua, hivyo beba blanketi zito. Usipige hema karibu na maji kwenye njia iliyolainishwa kati ya nyasi. Njia hiyo ina mwenyewe, naye ni kiboko, hutoka ziwani usiku kwenda kula, wala hana desturi ya kuzunguka.

Gari lako liegeshe likitazama njia ya kutokea. Ni jambo dogo, hufanywa kwa dakika moja asubuhi, na jioni linakuokolea saa nzima. Kilomita za mwisho mwachie mtu wa bodaboda. Yeye anajua ni kijia gani marshali wamekifunga na kipi wamekiacha, na nauli yake, hata ikiwa ya msimu, ni nafuu kuliko klachi.

Sasa upepo, ambao ndio somo lenyewe. Mwalimu wangu katika hili ni nyanya mmoja wa Kimaasai niliyemkuta Kedong. Watu walikuwa wamejazana upande wa chini wa kona, karibu na utepe, mahali ambapo mtu yeyote angesema ndipo. Yeye alikuwa peke yake upande wa pili, juu kidogo, ameketi kwenye kigoda nyuma ya kichaka cha leleshwa, shuka imemfunika hadi kichwani, debe la maziwa pembeni. Nikamuuliza, "Nyanya, huku unaona vizuri?" Akanitazama kama mtu anayepima kama swali linastahili jibu. "Kaa. Saa hii upepo umelala. Utaamka."

Asubuhi bonde lilikuwa limetulia. Gari la kwanza lilipita, na vumbi lake likasimama hewani bila kwenda popote, ukuta wa rangi ya majivu, tukabaki sote sawasawa, wa juu na wa chini, tukiangalia utupu. Ndiyo sababu magari huachiwa kwa kupishana dakika kadhaa. Lakini mapema alasiri hewa ilianza kusogea, kwanza kwenye ncha za majani ya leleshwa, yakageuza upande wao mweupe. Kutoka hapo kila gari lilipopita vumbi lote liliinuka, likakunjana na kuwamwagikia wale wa upande wa chini. Walikohoa, wakafunga macho, wakafunika simu zao. Sisi tulilitazama gari linavyoingia kona, linavyoteleza, linavyotoka, na hata nyuma yake linavyopotea mlimani. Yule nyanya hakuchagua kona. Alichagua upepo, kona ikajileta. Jua nalo lilikuwa mgongoni petu, jambo ambalo nilichelewa kuligundua kwa sababu halikunisumbua.

Palikuwa pia mahali salama, na hilo si bahati nasibu. Upande wa nje wa kona ndiko gari linakokwenda likimshinda dereva. Upande wa ndani, juu ya ardhi iliyoinuka, nyuma ya utepe na si mbele yake, ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma bila kumkanyaga mtoto wa mwenzako, hapo unaweza kutulia. Wanaosimama ukingoni ili wapigwe kokoto na kujisifu wananiudhi. Hofu ikishakuingia, unaangalia miguu yako.

Ukiwa umetulia, masikio huanza kazi. Kwanza hupita magari ya usalama yenye namba za sifuri, sifuri tatu, mbili, kisha moja, na kila moja ni tangazo kwamba barabara sasa si ya mtu tena. Halafu helikopta. Halafu filimbi za marshali, moja ikipokea nyingine kutoka mbali, hadi iliyo karibu nawe. Ndipo injini, na kwa injini unaweza kujua kabla ya kuona: huyu amechelewa kuachia mafuta, huyu anaogopa, huyu gari lake lina ugonjwa. Lililobaki ni kutazama magurudumu badala ya gari. Kona moja ukiikalia, madereva wanakuwa kama wanafunzi waliopewa mtihani mmoja, na wewe ndiye msahihishaji. Lile jiwe la kushoto, nani alilikwepa, nani alilipanda? Nani alikata ndani, nani alijipanua? Anayehama kila saa hawezi kuwapa alama.

Msahihishaji huyo anahitaji subira kwa sababu Safari haiamuliwi pale watu wanapotarajia. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliamka Jumapili akiwa anaongoza, na kabla ya asubuhi kwisha mfumo wa springi za nyuma ulikuwa umemtupa nje. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Siku moja kabla, kwenye mkondo wa Sleeping Warrior kule Elmenteita, chini ya kile kilima kinachofanana na shujaa aliyelala chali, mvua ilishuka ghafla na Ott Tänak akalazimika kusimama apanguse kioo kilichojaa ukungu. Bingwa wa zamani wa dunia, kitambaa mkononi! Aliyekuwa amekimbia mvua kujificha garini hakuyaona. Aliyebeba koti la mvua na kukaa kwenye kigoda aliyaona. Koti hilo lina uzito wa machungwa mawili.

Kasarani sitaisema sana. Ule mkondo wa uwanjani wa Nairobi ulikuwa na majukwaa, uliona magari mawili yakifukuzana sambamba, watoto walifurahi, choo kilikuwapo. Ulimfaa mgeni. Ila yalikuwa mashindano yaliyopikwa yakaletwa mezani.

Kuna sehemu ya ufundi huu inayopuuzwa na hata mashabiki wa siku nyingi, nayo ni kubaki baada ya wakubwa kupita. Magari ya daraja la juu yakiisha, nusu ya mlima husimama na kukung'uta suruali. Wanaobaki ndio wanaowaona madereva wetu, katika magari yenye nguvu pungufu na bajeti pungufu zaidi, wakipita katika mifereji iliyochimbwa na wenye pesa. Kwao barabara ni mbaya mara mbili. Maxine Wahome aliposhinda daraja la WRC3 mwaka 2022, aliendesha ndani ya mabaki ya kila aliyemtangulia, na waliokuwa wameondoka kuwahi foleni walisoma habari yake gazetini. Ukitaka kujua uendeshaji ni nini, tazama dereva asiye na gari la akiba akiamua, katika nusu sekunde, gurudumu lipi alitoe kafara.

Tena foleni yenyewe haiwahiwi. Hili nalisema kila mwaka na kila mwaka nabishiwa. Gari la mwisho la wasimamizi likishapita na kufungua barabara, kila mtu hukimbilia lami kwa pamoja, na lami ni moja. Sisi wengine huteremka polepole, tukapitia Kamere kando ya ziwa, tukaagiza samaki wakaangwe huku tukigombana juu ya nani alilipanda lile jiwe. Tukija kuingia njia ya Mai Mahiu saa mbili na nusu usiku, tunawakuta palepale, injini zikinguruma, wakiwa na njaa.