Su Weide Hakupoteza Dhahabu Peke Yake

Bandugu, ukitaja finali ya gimnastiki ya timu za wanaume ya Paris 2024, watu watakuambia mambo mawili tu: yule Mchina aliyeanguka, na yule Mmarekani wa miwani. Wa kwanza njo alipoteza dhahabu, wa pili njo alileta shaba. Mimi nasema hizo hadithi zote mbili ni mbovu, na nitatumia hesabu ya sekondari tu kuonyesha.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Kuna vyombo sita: sakafu, farasi wa vishikio, pete, meza ya kuruka, vyuma sambamba na chuma cha juu. Timu ina watu watano. Katika finali, wanapanda watatu kwa kila chombo, na alama za wote watatu zinahesabiwa. Watatu mara sita ni maonyesho 18, unajumlisha, basi. Zamani, mpaka Sydney 2000, timu iliweza kutupa alama yake mbaya zaidi kwa kila chombo. Leo hakuna cha kutupa. Kuanguka mara moja ni pointi nzima imeenda, bila kuhesabu makosa mengine yanayokuja nayo.

Sasa tuingie Bercy, tarehe 29 Julai 2024. Japani na China wanazunguka pamoja, na wote wawili wanamalizia kwenye chuma cha juu. Kabla ya chombo hicho China iko mbele kwa pointi 3.267. Hiyo si tofauti ndogo, wengi walikuwa wanangojea tu kusikia wimbo wa China. Halafu Su Weide anaanguka. Anapanda tena, anaanguka tena. Alama yake 11.600. Mwisho: Japani 259.594, China 259.062. Tofauti ni 0.532.

Hapo kila mtu anasema: si unaona? Angeanguka mara moja tu, dhahabu ingekuwa ya China. Ni kweli, hesabu inakubali. Lakini mbona tunasimamisha hesabu pale panapotupendeza? Ili kufunika 3.267 na kubaki na 0.532, Japani ilipaswa kuishinda China kwa 3.799 kwenye chombo kimoja. Mrudishie Su zile pointi mbili za kuanguka. Inabaki karibu 1.8 ambayo haiko ya Su hata kidogo. Imetoka wapi? Wajapani watatu, Sugino, Oka na Hashimoto, hakuna aliyepata chini ya 14.4. Na upande wa China, Xiao Ruoteng, mtu mzoefu, mwenye medali za Tokyo, alipata 13.433. Yaani pointi nzima chini ya Mjapani aliyepata kidogo kuliko wenzake. Pointi nzima! Dhahabu ilihitaji nusu yake. Lakini Xiao hakuanguka, na mtu ambaye hakuanguka hakuna anayemkumbuka.

Tena, Hashimoto mwenyewe alianguka siku ile ile. Alianguka kwenye farasi wa vishikio, mapema, wakati bado tulikuwa tunatafuta kiti. Kosa lake lilikuwa na bei ile ile ya kosa la kwanza la Su: pointi moja. Kama asingeanguka, China ingehitaji Su asianguke hata mara moja ili ichukue dhahabu. Lakini kosa la mapema linasamehewa kwa sababu bado kuna muda, na la mwisho linageuka hukumu. Karatasi ya majaji haijui saa ngapi mtu alianguka. Ni sisi watazamaji tunaojua, na ni sisi tunaoongeza uzito.

Mtu atanijibu: presha ya mwisho haiko sawa na presha ya mwanzo. Nakubali kabisa. Lakini hiyo ni sababu ya kumwonea mtu huruma, haiko sababu ya kumbebesha mzigo wote. Na tusisahau jinsi Su alivyofika pale: aliingia kwenye timu kwa sababu Sun Wei aliumia kabla ya mashindano. China ilileta pia Liu Yang na Zou Jingyuan, mabingwa wa pete na wa vyuma sambamba, wawili wanaotisha kwenye vyombo vyao. Ukijaza timu ya watu watano na mabingwa wa chombo kimoja, mahali pengine utabaki na watu wachache wa kuchagua. Timu hiyo ilipangwa na wakubwa, si na Su. Matusi ya mitandaoni alipata Su.

Tuende kwa Mmarekani. Stephen Nedoroscik alipanda chombo kimoja tu, farasi wa vishikio, mtu wa mwisho wa timu yake. Alikaa karibu muda wote wa mashindano amefunga macho, miwani usoni, akingoja. Akapanda, akapata 14.866, Marekani ikapata medali yake ya kwanza ya timu tangu 2008. Alifanya kazi safi sana, sibishi. Lakini angalia: Marekani 257.793, Uingereza ya nne 255.527. Tofauti ni 2.266. Kijana angeweza kupoteza pointi mbili nzima, kama Su, na shaba ingebaki ya Marekani! Kilicholeta ile medali ni kwamba maonyesho yote 18 ya Wamarekani yalipita bila mtu kuanguka. Hiyo njo ajabu ya usiku ule kwangu, kuliko miwani. Lakini utachekesha nani mitandaoni na picha ya watu watano ambao hawakuanguka?

Sisi Wakongomani tusijione wasafi. Januari ya mwaka ule ule, kwenye CAN, tuliitoa Misri kwa penalti na kipa Lionel Mpasi akapiga ile ya mwisho. Tuliimba Mpasi mpaka asubuhi, na alistahili. Meschack Elia, aliyefunga goli letu kipindi cha kwanza, wangapi walimwimba? Hata kwenye TP ya kikundi ni hivyo: anayejichanganya siku ya kupresenta njo alituangusha, na yule ambaye hakuleta sehemu yake wiki mbili mbele anakaa kimya nyuma ya darasa.

Kitu kimoja bado. Kabla Zhang Boheng hajapanda kwa China, mtu wa mwisho kabisa, Hashimoto aliwageukia mashabiki waliokuwa wanashangilia Japani, akaweka kidole kwenye midomo: nyamazeni, mwenzetu afanye kazi. Zhang alihitaji zaidi ya 15.2, kitu ambacho hakuna mtu wa timu hizo mbili aliyekikaribia kwenye chuma kile. Alipata 14.733, alama ya juu kuliko za wote sita, Wajapani na Wachina. Akashuka na fedha.